Nani Akusomee Skripti Kati ya Ruiru na Thika?

Mwandishi chipukizi akimaliza skripti ya filamu, haraka yake ya kwanza humpeleka kwa prodyusa. Akimkosa prodyusa, anampa mpenzi wake. Prodyusa anasoma akijiuliza kama kitu hiki kitamletea pesa. Asipoiona pesa hajibu, na kimya chake hakikufundishi lolote. Mpenzi naye anasoma akitafuta jibu litakalolinda amani ya nyumba. Kila mmoja ana lake katika jibu atakalokupa. Msomaji ninayempigia debe hapa ni yule ambaye, akisema skripti ni nzuri au ni mbovu, hapati wala hapotezi kitu, na ambaye amezoea kusoma ukurasa wa filamu. Watu hao wapo Ruiru na wapo Thika, ila wengi wao hawana ofisi wala bango.

Wenye mabango ndio wa kuchunga. Kuna anayedai ada ili "akufikishie" skripti Netflix. Netflix haipokei skripti zinazotumwa bila kuitishwa. Hupitia kwa mawakala na kampuni za utayarishaji inazofanya nazo kazi, kwa hiyo ada hiyo inanunua hewa. Mnunuzi wa kweli hamtozi mwandishi ndipo amsomee, na anayekutoza ili akusomee hapaswi kukuahidi mauzo. Mtu akijitwika kazi zote mbili, hata kama nia yake ni safi, jibu lake limeshapinda kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Yuko pia yule anayeona makosa makubwa ajabu, na kwa bahati nzuri ni yeye pekee awezaye kuyaandika upya, mradi jina lake likae kando ya lako. Huyo mwambie asante. Akishaandika kurasa zake ndani ya kazi yako bila makubaliano, kesho anaweza kudai yeye ni mwandishi mwenza, na utakuwa na kesi badala ya filamu.

Kuhusu kuibiwa, sitakaa sana hapo. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda maandishi yako tangu unapoyaandika, hailindi wazo. "Jamaa wa Githurai anayeshinda bahati nasibu" ni la kila mtu. Kurasa 95 ulizoandika juu yake ni zako. Sajili skripti mtandaoni kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, itume kwa baruapepe katika faili ya PDF badala ya kuiachia kwenye flashi ya mtu, na uhifadhi kila ujumbe. Kisha acha woga. Nimeona skripti nyingi zaidi zilizozeeka ndani ya laptopu kwa sababu mwenyewe aliogopa kuibiwa kuliko zilizoibiwa kweli.

Sasa, watu wenyewe wako wapi? Anza na barabara. Kutoka Kahawa hadi mjini Thika kuna mlolongo wa vyuo ambao kaunti chache zinao. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara inayofundisha sanaa za maonyesho na filamu. Zetech iko Ruiru na ina masomo ya uanahabari na sanaa. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kina makao yake makuu mjini Thika. Wengi hukimbilia wahadhiri, na mhadhiri ni msomaji mzuri, ila ana miswada ya wanafunzi hadi dari, na skripti ya mtu wa nje itasubiri hadi mitihani iishe. Kuna mlango mwepesi zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayesomea uelekezi anatafuta skripti fupi ya kushuti kwa ajili ya mradi wake. Mpe ya kurasa kumi, bure. Ataisoma kama mtu atakayeamka alfajiri kubeba kamera, na atakuuliza mambo ambayo hakuna mhakiki atakayeyauliza: huyu mtoto tutampata wapi, na kwa nini onyesho hili lazima liwe usiku?

Kundi la pili husahaulika kabisa, nalo ndilo lililo karibu zaidi: walimu wa drama. Tamasha la kitaifa la maigizo ya shule na vyuo siku hizi lina kitengo cha filamu, na shule nyingi za Thika, Ruiru na Juja zina mwalimu ambaye kila muhula wa kwanza huandika, kufuta na kuandika tena kazi itakayosimama mbele ya waamuzi. Na mwamuzi wa tamasha ana jambo moja analowashinda nalo wengi wanaojiita washauri: amezoea kueleza sababu hadharani, mbele ya kocha aliyekasirika. Kasoro yao naifahamu pia. Sikio lao ni la jukwaani, wanapenda hotuba. Mwalimu wa drama akikuambia mazungumzo ni machache mno, huenda kamera yako inafanya kazi yake vizuri.

Kundi la tatu ni waigizaji wa vitabu teule, vile vikundi vinavyozunguka shule za upili vikiigiza tamthilia na riwaya za mtihani. Wanasoma kwa sauti bila kukwama, na wengi wako tayari kukaa nawe Jumamosi asubuhi kwa chai, chapati na nauli. Wape skripti waisome mezani, kila mmoja sehemu yake, na mmoja asome maelezo ya vitendo. Wewe usisome. Keti pembeni na kalamu, uweke alama kila mahali ambapo mwigizaji amerudia sentensi, amecheka pasipochekesha, au amegeuza maneno yako bila kujua. Wakigeuza wote mahali pamoja, wameshakuandikia marekebisho.

Kwa wasomaji wa kulipwa, orodha iko wazi kwa anayetazama. Drama ya runinga ikiisha usikimbilie kubadilisha stesheni; majina yanayopita chini ndiyo kitabu chako cha simu. Mtafute aliyeandikwa kama mhariri wa skripti au msimamizi wa hadithi, maana huyo amelipwa kufanya hasa unachokitaka, kusoma kazi ya mwenzake na kuirekebisha kabla ya siku ya kushuti. Tuzo za Kalasha, ambazo Kenya Film Commission ilizianzisha mwaka 2009, hutaja pia waandishi walioteuliwa kuwania, na walioteuliwa wasishinde mara nyingi ndio wenye muda.

Nina kisa kimoja ninachokitaja kila ninapoulizwa kama mtu asiyejua filamu anaweza kutoa maoni ya maana. Upande wa pili wa kaunti hii ya Kiambu, kule Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwasomea wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ mchezo wao wa Ngaahika Ndeenda. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani hawakukaa wakapiga makofi. Walisahihisha lugha ya wazee, wakasahihisha habari za mishahara na maisha ya kiwandani, kwa sababu waliyaishi. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba na serikali ikaufuta tarehe 16 Novemba mwaka huohuo, na kabla ya mwaka mpya Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Hofu hiyo ya serikali inaeleza jinsi mchezo ulivyogusa ukweli, na sehemu ya ukweli huo ilitoka kwa watu ambao hakuna chuo kingewaita wahakiki.

Lakini angalia walichoulizwa. Waliulizwa walichokijua. Hapo ndipo waandishi wetu hupotea: wanampa fundi wa magari skripti nzima wakimuuliza kama muundo uko sawa, wakati alichopaswa kuulizwa ni onyesho la gereji pekee. Mtu wa mitumba Makongeni, mpe kurasa sita zinazotokea sokoni. Kondakta wa Thika–Nairobi, mpe kurasa nne za ndani ya matatu. Maswali ya muundo, ya nani anataka nini na kwa nini hadithi inalegea katikati, peleka kwa wanaosoma skripti mara kwa mara.

Ukimpata wa kumlipa, usimpe skripti yote siku ya kwanza. Mpe kurasa kumi za mwanzo na umlipe za hizo kumi. Kabla ya hapo muulize mambo matatu. Aliandika au kuhariri nini kilichofika kwenye skrini? Anaweza kukuonyesha maoni aliyompa mtu mwingine, majina yakiwa yamefutwa? Na filamu gani ya Kenya anaona skripti yake ilikuwa dhaifu, na udhaifu ulianzia wapi? Swali la tatu ndilo ninaloliamini zaidi. Anayejibu kwamba zote ni mbovu anajisifu. Anayejibu kwamba zote ni nzuri anaogopa kukosa kazi. Mwenye jicho atataja filamu, atataja onyesho, na atakuambia pia kilichomfurahisha ndani ya filamu hiyohiyo.

Mkikubaliana, andikeni, hata kama ni kwa ujumbe wa WhatsApp: kurasa ngapi, maoni ya maandishi ya urefu gani, saa moja ya mazungumzo au hakuna, tarehe ya kurudisha, na kwamba msomaji hapati umiliki wala jina kwenye skripti. Nusu ya malipo kabla, nusu akishaleta. Ujumbe wa M-Pesa ni risiti yako. Mtu akikataa sentensi ya umiliki, umeokoa pesa.

Maoni yakija, utajuaje kama ni ya kuaminika? Nitakuonyesha kwa mfano, maana hili halielezeki kwa jumla.

Tuseme umeandika onyesho linalotokea Kamakis, Ruiru. Njoroge amemwita mdogo wake Kariuki waje wale nyama, amweleze kwamba ameuza shamba la marehemu baba yao kule Gatundu. Onyesho lina kurasa nne. Katika mstari wa tatu Njoroge anasema, "Niliuza shamba." Kariuki anapiga meza, wanagombana, nyama inaletwa, hakuna anayekula.

Msomaji wa kwanza anakuandikia: "Mazungumzo hayana mvuto. Ongeza mvutano. Wahusika wako bapa." Maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye skripti yoyote duniani, na pengine yameshabandikwa. Hujui urekebishe nini kesho asubuhi.

Msomaji wa pili anaandika: "Onyesho hili lingependeza sana kama Njoroge angekuwa na bastola." Huyo anaandika filamu yake.

Msomaji wa tatu anaandika hivi: "Ukurasa wa 31, Njoroge anatoboa siri kabla hata maji ya kunawa hayajafika. Kurasa tatu zilizobaki wanagombania jambo ambalo nimeshalijua, nikaanza kuruka mistari. Halafu Kariuki anafoka papo hapo, ilhali ukurasa wa 12 ulinionyesha mtu ambaye akiumia hunyamaza. Amebadilika njiani, au umesahau? Nyama kulala mezani bila kuliwa ni kitu kizuri, niliiona. Ila inakuja wakati hasira imeshapoa." Hapo una ukurasa, una alichohisi msomaji na mahali alipokihisi, una kinachopingana na kingine ndani ya skripti hiyohiyo, na una swali lililoachwa mikononi mwako. Hata sifa aliyoitoa ina mahali pake.

Na kuna msomaji wa nne, mzee wa Gatundu asiyejua skripti ni mdudu gani. Ukimsimulia onyesho hilo atakuuliza: shamba la marehemu limeuzwaje? Hati ya umiliki si ingali kwa jina la baba? Kesi ya urithi ilifunguliwa lini, na hao ndugu wengine hawakuitwa kortini? Tena shamba la kilimo halihamishwi bila idhini ya bodi ya ardhi. Nani alikaa kwenye kikao hicho akatoa kibali? Ghafla unagundua kwamba Njoroge ama ameghushi saini ya Kariuki, ama amepokea pesa kwa makubaliano ya mdomo na mnunuzi anakaribia kumgeukia. Mojawapo kati ya hayo ni hadithi bora kuliko ile uliyokuwa nayo.

Unapokaa na msomaji uso kwa uso, swali la "umeipenda?" liweke kando. Mwombe afunge skripti akusimulie hadithi kwa maneno yake. Akianza kwa mhusika ambaye kwako ni wa pembeni, umepata habari kubwa. Akiruka tukio ulilodhani ndilo moyo wa filamu, habari ni kubwa zaidi. Halafu muulize alisimama kusoma wapi akaenda kushika simu. Kila msomaji husimama mahali. Asiyekubali amesimama popote, hakusoma. Wakati anajibu, nyamaza. Mwandishi anayejitetea kila baada ya sentensi humfundisha msomaji kusema uongo, na kwetu, ambako kumwambia mtu kasoro yake machoni huonekana ukosefu wa adabu, haichukui dakika nyingi kabla ya msomaji kurudi kwenye "iko sawa tu".

Maoni yakigongana, usihesabu kura. Mmoja anataka Njoroge afe, mwingine anataka aokoke, wa tatu anataka mapenzi yaongezwe. Lakini wote watatu wameanza kulalamika kuanzia ukurasa wa 50. Puuza dawa zao, ukachunguze ukurasa wa 44 hadi wa 50, maana ugonjwa huanza kabla ya maumivu. Na pale msomaji mmoja tu anapochukia kitu ambacho wewe unakijua kwa nini kipo, kiache. Si kila maoni ni amri.

Lugha nayo ina mtego wake. Skripti zetu nyingi huandikwa kwa lugha mbili tatu: maelezo ya vitendo kwa Kiingereza, mazungumzo kwa Kiswahili, Sheng na Kikuyu. Msomaji asiyesikia Sheng ya Ruiru atahakiki Kiingereza chako cha maelezo, kisha akuambie wahusika hawana sauti. Hili ndilo jambo la kupima kabla ya kulipia huduma za ng'ambo. The Black List ilianzishwa Marekani na Franklin Leonard mwaka 2005 kama orodha ya skripti zilizopendwa Hollywood ambazo hazijatengenezwa, na tangu mwaka 2012 mwandishi yeyote anaweza kulipia tathmini kwenye tovuti yake. Ni huduma halali. Tathmini moja ya skripti ndefu hugharimu karibu dola 100, yaani zaidi ya shilingi elfu kumi, na msomaji hakutajii jina lake. Kama skripti yako ni ya Kiingereza na unailenga nje, inaweza kukufaa. Kama ni vichekesho vya Kikuyu vya kuuzwa mtaani, kwa mtindo wa Riverwood, pesa hizo zitakulisha waigizaji wa kusoma mezani Jumamosi kadhaa, na mkicheka mtajua mnacheka nini.

Zipo pia njia ambazo maoni hayalipiwi, ila hushindaniwa. Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na Mira Nair mwaka 2004 ikiwa na makao Kampala, imewafunza waandishi wa Afrika Mashariki kwa kuwakalisha na washauri wazoefu juu ya skripti zao wenyewe. Docubox ya Nairobi, aliyoianzisha Judy Kibinge, husaidia filamu za hali halisi na imewahi pia kuchukua filamu fupi za kubuni. Realness ya Afrika Kusini ina makazi ya waandishi wa bara zima tangu mwaka 2016. Warsha za One Fine Day Films ndizo zilizotoa Nairobi Half Life mwaka 2012 na Supa Modo mwaka 2018. Tazama majina ya waandishi wa Supa Modo: Mugambi Nthiga, Silas Miami, Wanjeri Gakuru, Likarion Wainaina aliyeielekeza, na wenzao. Filamu inayoonekana nyepesi vile, ya mtoto mgonjwa anayetaka kuwa shujaa, ilipita mikononi mwa watu kadhaa waliokuwa huru kuambiana "hapa hapana".

Ukiwakosa hao, tengeneza kikundi chako. Waandishi wanne wanatosha, wawili wa Thika na wawili wa Ruiru, mkutane Juja katikati mara moja kwa mwezi. Kila mtu alete kurasa kumi na tano, zisomwe kabla ya siku ya kukutana, na asiyeandika mwezi huo asome tu, asihakiki kwa mdomo mpana. Msichangishane pesa. Zikiingia pesa, wa kwanza kuondoka atakuwa yule msema kweli.

Mpangilio wa nani asome lini una uzito wake, kwa sababu mtu akishajua mwisho wa hadithi hawezi tena kukuambia kama ulimshtua. Usiwamalize wasomaji wako wote kwenye rasimu ya kwanza, ile ambayo wewe mwenyewe unajua ukurasa wa 60 umeandikwa usiku wa manane. Ilaze wiki mbili, irekebishe, hakikisha imepangwa inavyotakiwa, Courier ya pointi 12, ukurasa mmoja kwa takriban dakika moja ya filamu. Kikundi kipate rasimu ya pili. Mwalimu wa drama na waigizaji wapate ya tatu, pamoja na mzee wa Gatundu kwa zile kurasa zake nne. Yule wa kulipwa mwekee ya nne, akiwa hajawahi kusikia hata jina la skripti, na umpe angalau wiki tatu kabla ya siku ya mwisho ya maombi unayolenga: moja ya kusoma, mbili zako za kurekebisha.